Muulize Fundi: Skrubu za barafu kwenye tairi la pikipiki

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa ndugu zetu walioko kwenye baridi, na karibu zote zinauliza jambo moja: kupiga skrubu kwenye tairi ili lishike barafu. Nimeanza na iliyouliza kwa kirefu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mdogo wako, niko Brooklyn Park, Minnesota. Nimenunua pikipiki ya porini, Honda CRF250X iliyotumika. Wenzangu kazini wanapiga skrubu kwenye matairi na kuendesha juu ya ziwa lililoganda wakati wote wa baridi. Matairi yaliyotiwa njumu za chuma kiwandani bei yake imenishinda. Nina drili ya betri, na gereji kuna kopo la skrubu za bati za inchi moja zilizobaki kwa mwenye nyumba. Nikizipiga hizo kuna ubaya gani? Na zinatosha ngapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kopo hilo lirudishe rafuni. Ubaya upo, na utauona kwa macho yako mwenyewe ukikaa na tairi mapajani kabla ya kutoa hela.

Kwanza urefu. Inchi moja ni milimita 25. Tairi la nyuma la porini likiwa jipya, kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini, zina kimo cha milimita 15 hadi 18 hivi, na za tairi la mbele mara nyingi ni fupi kuliko hapo. Chini ya kashata kuna mpira mwembamba, kisha nyuzi za tairi, kisha tyubu. Skrubu ya milimita 25 inavipita vyote. Na hata ile ambayo ncha yake imeishia kwenye nyuzi bila kutokeza ndani, usidhani iko salama. Tairi likibonyea, skrubu inachezacheza, ncha inakeketa taratibu, na pancha inakuja ukiwa katikati ya ziwa, baridi sentigredi 20 chini ya sifuri, huna wa kukusaidia kusukuma.

Kwa hiyo kazi hii inaanza na kipimo. Chukua msumari mwembamba, usimamishe kwenye bonde kati ya kashata mbili mpaka uguse chini, weka alama ya kalamu usawa wa juu ya kashata, kisha upime kwa rula. Pima katikati ya tairi, pima pembeni, pima la mbele na la nyuma, maana hayalingani. Kimo utakachokipata punguza milimita 3, na hapo ndipo urefu wa skrubu yako unapoishia. Kashata ya milimita 16 inachukua skrubu ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kashata ya milimita 13 inataka ya inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5. Watu wananunua urefu mmoja kwa matairi yote mawili kwa sababu ni rahisi dukani, halafu wanashangaa kwa nini tairi la mbele linapoteza upepo kila wiki. Nunua pakiti mbili.

Pili ni aina. Skrubu ya bati ya nyumbani imetengenezwa ikae kimya juu ya paa. Chuma chake ni laini na kichwa chake hakina makali, kwa hiyo juu ya barafu kinalika na kuwa duara upesi. Zile zenye ncha ya kujitobolea ni mbaya zaidi, kwa sababu ncha ile inakula mpira na kuacha tundu pana, na hakuna kitakachoshika tena hapo. Unachohitaji ni skrubu zilizotengenezwa kwa barafu. Jina utakalolisikia sana huko Marekani na Kanada ni Kold Kutter. Ukiishika moja mkononi utaona tofauti: kichwa cha pembe sita, katikati kuna mfereji, na ukingo wake umeinuka ukiwa na kona kali. Chuma kimekazwa kwa moto. Kinachouma barafu ni kile kichwa. Ncha kazi yake ni kushikilia mpira tu, kwa hiyo usitamani ncha ndefu ukidhani utapata mshiko zaidi.

Sasa tairi lenyewe. Nawaonea huruma wanaochukua tairi kuukuu lililokwisha kashata ili "lisipotee bure". Kashata fupi haina nyama ya kushika skrubu, na kashata iliyopasuka chini itang'oka pamoja na skrubu zake. Tumia tairi lenye kashata nzima, mpira usiokakamaa. Ukiweza kupata rimu za ziada, funga matairi ya barafu huko moja kwa moja, Aprili ubadilishe magurudumu tu.

Siku ya kazi, lete tairi ndani ya nyumba lilale usiku mzima. Mpira wenye baridi ni mgumu na hukatika badala ya kukaza. Lioshe, likauke. Ninashauri ulifanyie kazi likiwa limetolewa kwenye rimu, hasa ukiwa mgeni wa jambo hili, kwa sababu unaweza kukagua ndani wakati wowote. Weka soketi ya inchi 1/4 yenye sumaku kwenye drili, mwendo wa polepole, na ile pete ya namba iliyo shingoni mwa drili iweke namba ya chini. Simamisha skrubu wima katikati ya nyama, angalau milimita 5 kutoka ukingo wa kashata, kandamiza kwa uzito wa mkono, kisha vuta kidole kwa upole. Itaingia, itaita kidogo, halafu kichwa kitakaa juu ya mpira na kuubonyeza kama kifungo kwenye godoro. Hapo acha. Ukiendelea nusu mzunguko tu, uzi wa skrubu unakata mpira na skrubu inazunguka bure. Ikizunguka bure, itoe, hamia sehemu nyingine ya kashata ileile. Gundi haitaiokoa.

Hesabu inatokana na kashata zako mwenyewe. Tairi la nyuma, kashata pana za katikati zipe mbili, za pembeni moja. La mbele, moja moja katikati, na zile za pembeni usiziache hata kidogo. Utapita skrubu 100 kwa kila tairi bila shida, na wanaoshindana huenda hadi mamia kadhaa. Tafadhali usianze na la nyuma ukasema la mbele utalifanya hela ikipatikana. Nyuma ikiteleza unaweza kuirudisha kwa mafuta na mwili. Mbele ikiteleza juu ya barafu, huna nafasi ya kufanya lolote, uko chini. Kama hela ni ya tairi moja, lifanye la mbele na usubiri.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni mfereji ulioko kichwani mwa skrubu umeelekea wapi. Tairi la nyuma kazi yake kubwa ni kusukuma, kwa hiyo mifereji ilale kukingama na mzunguko wa tairi, makali yakwangue barafu ukivuta mafuta. Tairi la mbele lina kazi mbili. Kashata za katikati zinahusika na breki, zilaze kukingama. Za pembeni zinazuia gurudumu lisiteleze kwenda upande, zilaze kufuata mzunguko. Itakubidi uizungushe skrubu kidogo mwishoni ili ikae sawa, kwa mkono, kwa spana ndogo, si kwa drili. Inachukua muda. Tairi lililopangwa hivyo utalijua kwenye kona ya kwanza tu.

Ukimaliza, usivalishe tairi kabla ya kulikagua ndani. Macho hayatoshi. Chukua kitambaa chepesi cha pamba, kikuukuu, kipitishe ndani ya tairi mzunguko mzima ukikikandamiza. Panapotokeza ncha kitambaa kitakwama na kuchomoka uzi. Toa skrubu hiyo, weka fupi zaidi. Wanaoendesha kwenye mashindano huenda mbele zaidi: wanachukua tairi kuukuu, wanalikata kingo na kulichonga kashata, wanalilaza ndani ya lile jipya kama ngao ya tyubu, ndipo wanathubutu kutumia skrubu ndefu. Kwa ziwa la jioni na marafiki huhitaji hayo yote. Tyubu nene, poda kidogo, na urefu sahihi wa skrubu vinatosha. Upepo weka psi 12 hadi 15, na uupime nje kwenye baridi, maana hewa ikipoa inasinyaa: kwa kila sentigredi 10 hivi zinazoshuka unapoteza karibu psi 1. Tairi ulilojaza sebuleni litakuwa limelegea ukifika ziwani.

Kichwa cha skrubu kinaongeza karibu milimita 5 juu ya kashata. Kabla ya kuwasha injini, zungusha kila gurudumu kwa mkono huku mwenzako akiikalia pikipiki ishuke. Angalia madigadi ya mbele, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, cheni, na hasa mpira wa breki. Kama kidole hakipiti, inua madigadi au rudisha gurudumu nyuma.

Barabarani usiende nayo. Minnesota hairuhusu njumu za chuma kwenye barabara za umma, na hata kama ingeruhusu, lami inakwangua makali yale ndani ya dakika chache, na juu ya lami kavu vichwa vya chuma vinateleza vibaya. Pakia kwenye pikapu mpaka ukingoni mwa maji. Ukifika, endesha polepole bila kukata kona kwa dakika kumi hivi, skrubu zikae. Kisha simama, pitisha jicho, hesabu zilizotoka.

Nimefika kwenye barafu yenyewe, na hapa naomba usinisome harakaharaka. Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri inchi 4 za barafu mpya angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na inchi 5 hadi 7, yaani sentimita 13 hadi 18, kwa chombo cha theluji au kile kidogo cha magurudumu manne. Pikipiki yako ihesabu kwenye kundi hilo, na mimi nashika ile 7. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake nguvu yake ni kama nusu, basi idai unene mara mbili. Toboa mwenyewe upime, kisha songa mbele utoboe tena, kwa sababu ziwa moja halina unene mmoja. Penye mto unaoingia, penye chemchemi, chini ya daraja, karibu na matete, barafu ni nyembamba hata Januari. Kule ziwa la Mille Lacs utaona magari na vibanda vya wavuvi vimejaa juu ya maji, ukadhani kila mahali pako vile. Wale wenye njia za barafu hupima na kuhamisha njia zao. Waulize, watakuambia. Usiende peke yako, na shingoni vaa zile ncha mbili za chuma zenye vishikio, ambazo mtu aliyezama huzichomeka kwenye barafu ajivute nje.

Kama badala ya ziwa utakuwa msituni penye mawe na udongo ulioganda, badilisha mpango. Hapo nunua njumu zenye ncha ya kabidi, madini magumu kuliko chuma, ambazo mwili wake ni parafujo pana. Moja tu inapita bei ya dola, lakini inavumilia mawe ambayo yangemaliza skrubu zako zote kwa jioni moja.

SWALI: Jambo sana kaka fundi. Mimi ni ndugu yako wa Uvira, naishi Oulu, Finland. Yangu ni ile ya kuchanganya oili na petroli, 125. Skrubu nimeshapiga. Shida ni injini: kwa baridi kali inawaka kwa taabu, halafu ikipanda mwendo inakuwa kama inakosa mafuta. Na je, polisi watanisumbua nikikata barabara kwenda ziwani?

JIBU: Jambo kaka. Sikio lako ni zuri, kweli inakosa mafuta. Hewa ya baridi ni nzito, inaingiza oksijeni nyingi kwa pumzi ileile, na kabureta iliyorekebishwa kiangazi haijui hilo. Kwa injini kama yako si suala la nguvu tu, pistoni inaweza kupata joto na kunata. Toa plagi baada ya kuendesha kwa mwendo: ikiwa nyeupe, weka jeti kuu, ile yenye tundu la kupitisha mafuta ndani ya kabureta, kubwa zaidi kwa namba moja au mbili, jaribu tena, mpaka plagi iwe ya kahawia. Maji ya rejeta yawe nusu kwa nusu na glaikoli, dawa ya kuzuia maji kuganda, mchanganyiko huo unavumilia mpaka sentigredi 37 chini ya sifuri hivi. Sehemu ya rejeta ifunike kwa kipande cha plastiki ili injini ipate joto, ila chungulia mara kwa mara.

Ukiwa unaitoa na kuiingiza kwenye nyumba yenye joto, jihadhari na umande. Maji yanajikusanya ndani ya waya wa mafuta, unatoka nje yanaganda, na mkono wa mafuta unabaki wazi. Kila mara kabla ya kuwasha, kunja mkono mpaka mwisho uachie. Lazima urudi wenyewe kwa mlio mkavu. Ukirudi kivivu, usiwashe.

Kuhusu barabara, Finland njumu zinaruhusiwa kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, na nje ya hapo hali ya hewa ikilazimu, lakini hizo ni njumu za barabarani zenye kanuni zake. Skrubu za kujipigia zenye kichwa kilichojitokeza hivyo ni jambo jingine. Pakia kwenye trela, na ukitaka ya barabarani, anzia kituo cha ukaguzi wa magari.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mama, niko Edmonton, Kanada. Kijana wangu ana miaka 15, baba yake mdogo amemtengenezea matairi ya skrubu na wanataka kwenda ziwani. Sijui chochote kuhusu pikipiki. Nitazame nini kabla sijasema ndiyo?

JIBU: Mama, heshima yako. Huhitaji kujua pikipiki, unahitaji kusimama mbele yake kwa dakika chache ukiwa umevaa glavu.

Tazama magurudumu kwanza. Mtu akianguka juu ya barafu mara nyingi anateleza tu na kuinuka. Kinachojeruhi ni lile tairi lenye mamia ya vichwa vikali linaloendelea kuzunguka karibu na mguu wake, au la mwenzake anayekuja nyuma. Ndiyo maana kwenye mashindano hutakiwa madigadi marefu yanayolifunika gurudumu. Ukiona tairi la nyuma liko wazi kabisa, sema hapana mpaka lifunikwe. Kisha uliza iko wapi kamba ya kuzimia injini. Ni kamba fupi inayofungwa mkononi mwa mwendeshaji, akianguka inachomoka na injini inazimika papo hapo. Mwambie aivute mbele yako, injini ikiwa inawaka. Bei yake ni ndogo na mimi singemruhusu mtoto wangu bila hiyo.

Buti ziwe za pikipiki, ngumu, ndefu mpaka chini ya goti, si za theluji. Wote waendeshe kuelekea upande mmoja kwenye mduara wao, asiwepo wa kukata katikati. Unene wa barafu nimeuandika kwenye jibu la kwanza, mwambie shemeji yako akuonyeshe shimo alilopima. Vidole vya mikono ndivyo vinavyoganda mapema kwa sababu upepo unavipiga wakati vimekunjwa, basi waweke zile kofia za mikono kwenye usukani na wapumzike ndani ya gari mara kwa mara. Na nyumbani, pikipiki ikiwa juu ya stendi, mtu yeyote asiwashe injini kuzungusha tairi lile wakati mwingine yuko karibu. Hata kulisukuma gereji, ashike usukani, asishike tairi.

Kama hayo yote yapo, mama, mruhusu. Ni mchezo mzuri, na kijana anajifunza kutumia breki na mafuta kwa adabu, kwa sababu barafu haimkubali mwenye pupa.

SWALI: Fundi, niko Lushoto, nafanya bodaboda. Nimesikia mnapiga skrubu kwenye tairi huko Ulaya na Marekani. Masika yakija, njia za kupanda huku ni utelezi mtupu. Na mimi nipige?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kichwa cha skrubu kina milimita chache, kinauma kitu kigumu kama barafu. Kwenye udongo mwekundu uliolowa kitajaa tope mzunguko wa kwanza na kubaki uzito tu, na ukifika kwenye lami ya mjini kitakuangusha. Tope linataka kashata ndefu zilizoachana, zinazojisafisha zenyewe. Wanaofunga cheni kuzunguka tairi la nyuma siku za mvua kubwa wanafanya jambo la maana, mradi cheni imekazwa mbali na breki na waya, na inafunguliwa mara tu njia inapokuwa ngumu. Upepo unaweza kuupunguza kidogo kwenye kupanda ukiwa peke yako. Ukiwa na abiria na mzigo wa kabichi, jaza kwanza, vinginevyo rimu itagonga jiwe na tyubu itabanwa ipasuke kabla hujafika Soni.